Mdomo wa Kinyozi

Ukitaka kumuudhi Nyoosha, mwambie picha ya harusi ni kubonyeza tu. Hapo utakuwa umejitafutia. Atakuvutia kiti, atakukalisha, na hutoki mpaka umeelezwa yote tangu mwanzo, hata kama ulikuja kupiga picha ya pasipoti na mwenzako anakusubiri nje.

Jina lake halisi watu walishalisahau. Aliitwa Nyoosha kwa sababu ndilo neno lililomtoka kuliko yote kazini. Nyoosha shingo, bwana harusi. Nyoosha bega, mama. Wewe wa nyuma, nyoosha hiyo tai, umekuja harusini au umekuja kulala? Na watu walimtii, maana alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa, na kusema kweli kazi aliijua. Hilo tusimnyime. Miaka kumi na tisa alikuwa akipiga harusi, na hakuna aliyewahi kumrudishia albamu.

"Picha ya harusi yenye nguvu," alikuwa akisema, kidole juu, "ni ile ambayo jicho halijikwai popote. Unaanzia kwa bibi harusi, unakwenda kwa bwana harusi, unazunguka kwa wazazi, unarudi kwa bibi harusi. Ukikutana na kitu njiani, chupa ya soda, mtoto anapiga miayo, kamba ya sidiria imechungulia, basi, picha imekufa."

Kwa hiyo kazi yake kubwa ilikuwa kuondoa vikwazo. Ukumbini aliviondoa kwa mkono: viti, mikoba, glasi, na hata watu, ambao aliwashika kiwiko kwa adabu akawasogeza pembeni. Kilichomponyoka ukumbini alikimalizia kwenye kompyuta. Chunusi zikayeyuka, jasho likakauka, aliyefumba macho akafumbuliwa. Akishamaliza, zile picha zilizoiva alizitunza, zile mbichi akazifuta zote kwenye kadi ya kamera apate nafasi ya harusi inayofuata. Ndiyo ilikuwa desturi yake. Alisema mwoka keki hamwonyeshi mteja maganda ya mayai.

Sasa sikia kilichompata.

Kulikuwa na harusi ya binti mmoja, mwalimu wa shule ya msingi. Baba yake alikuwa kinyozi, mzee aliyekuwa amenyoa nusu ya wanaume wa mtaa ule kwa miaka arobaini, akiwemo Nyoosha mwenyewe enzi za ujana wake. Lakini mwaka mmoja kabla ya harusi mzee alipooza upande wa kushoto. Mguu ulirudi kidogo kidogo. Mkono ulirudi nusu, na ndio uliokuwa mkono wake wa kazi, maana mzee alikuwa wa shoto. Uso haukurudi. Jicho la upande huo lililegea, pembe ya mdomo ikateremka, na akizungumza unaona maneno anayavuta kama mtu anayeburuta gunia. Akafunga kibanda chake cha kunyolea, kiti akakipeleka nyumbani.

Tangu siku hiyo aliyemnyoa ndevu ni binti yake. Kila Jumamosi binti alichukua beseni, sabuni na wembe, na baba alimwelekeza kwa kidole apitishe wapi. Hata asubuhi ya harusi yenyewe, binti alimnyoa kwanza baba yake ndipo akaenda kukaa kwa mpambaji. Haya Nyoosha hakuyajua wakati ule. Alikuja kuyajua baadaye, wakati kuyajua kulikuwa ni adhabu.

Ukafika wakati wa picha ya familia. Nyoosha alikuwa amewapanga vizuri kabisa: maharusi katikati, wazazi pembeni, na mzee amemgeuza kidogo ili ule upande wake mbaya uingie kwenye kivuli cha shela la binti. Kila kitu kimekaa. Sasa huyu bibi harusi si akainama, akamnong'oneza baba yake sikioni! Alimwambia nini, hatujui mpaka leo. Mzee akaangua kicheko. Si kutabasamu, jamani, kucheka kwenyewe, mabega yanaruka, mdomo wote umekimbilia upande mmoja, jicho moja limefumba na jingine linatoa machozi.

"Mzee, tulia kidogo," Nyoosha alisema. "Funga mdomo, mzee wangu."

Wee! Ndiyo kwanza mzee akazidi. Nyoosha akapiga mara tano, na mara zote tano mzee anacheka. Fundi akasonya kimoyomoyo, akaenda zake kwenye meza ya keki.

Alipokaa kwenye kompyuta, jicho lake likajikwaa palepale. Unaanzia kwa bibi harusi, unakwenda kwa bwana harusi, unafika kwa mzee, umekwama. Basi akakunja mikono ya shati. Alichukua shavu la kulia, lile zima, akaligeuza, akalibandika juu ya la kushoto. Jicho likawa sawa. Mdomo ukamsumbua, maana mdomo uliofunguka hivyo haunyoosheki, kwa hiyo akaufunga. Ilimchukua siku mbili. Akatokea mzee mmoja mtulivu, midomo imenyooka kama imepigwa rula, anatazama mbele kama meneja wa benki. Nyoosha alifurahi mpaka akamwita mkewe, ambaye ndiye alikuwa akipokea wateja na kubandika picha kwenye albamu.

"Mama watoto, njoo uone kazi."

Mkewe akainama, akatazama. "Huyu ni nani?"

"Si baba wa bibi harusi!"

"Ahaa," akasema mkewe, akarudi kwenye gundi yake.

Ile "ahaa" ilitosha kumwamsha mtu mwenye akili zake. Lakini Nyoosha siku hiyo masikio yalikuwa yamezibwa na sifa alizojimwagia mwenyewe. Akaichapa ile picha kubwa, akaitia fremu, akaitundika dirishani pa studio ili kila apitaye aione.

Bibi harusi alipokuja kuchukua albamu, aliifungua palepale kaunta. Alipofika kwenye picha ya familia aliisogeza karibu na macho.

"Hapa baba amekuwaje?"

"Nimemrekebisha," Nyoosha akajibu, kifua mbele. "Ni zawadi yangu kwenu."

Binti akapitisha kidole juu ya ule uso, taratibu, kisha akafunga albamu. "Asante," akasema. Fundi akaipokea ile asante yote, hakubakisha hata chembe ya shaka.

Wiki tatu baadaye akaingia mama mmoja wa makamo, dada yake yule kinyozi, shangazi wa bibi harusi. Studio ilikuwa na watu: wachumba wawili wamekaa kwenye benchi na mama mkwe mtarajiwa katikati yao, wanapekua albamu za mfano, na huyo mama mkwe alikuwa na macho ya mtu asiyeridhika upesi.

"Wewe ndiye uliyempiga picha kaka yangu?" shangazi akauliza, hata salamu hakuna. "Nani alikutuma umtengenezee uso mwingine?"

Pale kwenye benchi kurasa zikaacha kupekuliwa. Nyoosha aliona jozi tatu za macho zimemgeukia, na ulimi wake ukafanya kazi kabla ya kichwa.

"Mama yangu, sisi hatujifanyii tu. Tunafuata wenye harusi wanavyotaka. Bibi harusi alitaka picha iwe safi."

Shangazi akashusha sauti. "Bibi harusi?"

"Ndiyo, mama."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

"Basi," akasema shangazi. Akatoka, na mlango aliufunga polepole, kwa uangalifu, kama unavyofunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Nyoosha akawageukia wateja wake, akacheka kidogo, akasema watu wa harusi bwana, wana mambo. Wale wachumba walimpa kazi siku hiyohiyo. Kufika saa ya chakula cha mchana alishasahau kwamba amesema uongo. Ndivyo ulivyokuwa mwepesi.

Ukapita mwezi. Siku moja bibi harusi akaingia studio peke yake, katoka kazini, vumbi la chaki lingali kwenye mkono wa gauni. Mke wa Nyoosha alikuwa kaunta. Nyoosha akanyanyuka kwa bashasha.

"Karibu, maharusi wetu! Mwenzako yuko wapi?"

"Sikuja kwa hayo," binti akasema. "Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Mimi nilikwambia umnyooshe baba yangu mdomo?"

Uso wa Nyoosha ukashuka.

"Baba hataki nimnyoe," binti akaendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo, afadhali ingepanda. "Kila Jumamosi nakwenda, nafua, napika, nikishika wembe ananiambia weka chini. Ndevu zimemjaa. Yeye, ambaye hajawahi kulala na ndevu za siku mbili. Nikamuuliza kosa langu, hasemi. Wiki hii ndiyo shangazi kanieleza. Baba kamwambia, kama uso huu unamtia aibu mwanangu, basi asiuguse. Nikamwambia shangazi mimi sikuagiza kitu kama hicho. Akaniambia wewe mwenyewe umesema, kwa kinywa chako, na alikuuliza mara mbili."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Alichotakiwa ni kufungua kinywa, aseme dada, nilidanganya. Unajua alisema nini?

"Labda shangazi hakunielewa vizuri," akasema Nyoosha.

"Na mimi nina kosa langu," binti akasema. "Ningesema siku ile ile hapa kaunta. Niliona haya kukuvunja moyo, umesema ni zawadi. Nikanyamaza. Sasa baba haamini hata nikimwapia." Akajifuta chaki mkononi, akaaga kwa heshima, akaondoka.

Nyoosha hakuweza kumtazama mkewe. Alichukua lenzi, akaanza kuipangusa, lenzi iliyokuwa safi.

"Shangazi alielewa," mkewe akasema kule kaunta. "Nilikuwepo. Hata mimi nilielewa."

"Nilibanwa. Kulikuwa na wateja."

"Na leo? Leo ulibanwa na nani?"

Leo hakukuwa na mteja hata mmoja. Alikuwepo binti wa watu anayeomba kurudishiwa baba yake, na yeye akamtupia shangazi lawama, mama wa watu ambaye hata hayupo. Masikio yakamwaka moto. Alipanda kwenye kigoda, akaishusha ile picha dirishani, akaigeuza uso ukutani nyuma ya pazia la studio. Haikusaidia kitu. Kila alipopita pale alijua imekaa wapi.

Siku zile hazikuwa nzuri kwake. Mtaani mtu akimwita "Nyoosha!" alishtuka kama mwizi. Alhamisi alikuwa na harusi ndogo, akapanga watu, akakuta babu mmoja kibyongo amesimama mstari wa mbele, na lile neno lake akashindwa kulitamka. Alisimama na kamera usoni mpaka watu wakaanza kuulizana fundi ana nini. Akapiga hivyohivyo, bila kulenga, picha nusu zikatoka na ukungu. Aliona haya mbele ya wale watu, na kilichomwumiza zaidi ni kwamba hawakujua anaona haya kwa jambo gani.

Ijumaa akaandaa tamko zuri, lenye utaratibu wa kazi, teknolojia, na kutoelewana kwa pande zote. Akamsomea mkewe. Mkewe akasikiliza lote mpaka mwisho.

"Maneno mengi," akasema. "Yale mawili yenyewe hayamo."

Jumamosi asubuhi Nyoosha akavaa shati la kazi, akabeba begi la kamera kwa mazoea, akaenda. Mguu mmoja unakwenda, mmoja unarudi. Alipita nyumba ile, akafika mpaka mwisho wa barabara, akasimama kwa muuza matunda, akanunua ndizi ambazo hakuzitaka, akarudi. Akabisha hodi.

Shangazi alimfungulia. Alipomwona, alisogea tu ampishe, karibu yenyewe hakuitamka. Sebule ilikuwa ndogo, pazia limefungwa nusu. Mzee alikuwa kwenye kile kiti chake cha kunyolea, kile cha ngozi nyekundu yenye viraka, amekiweka ubavu kwa ukuta ili upande wa kushoto usionekane na aingiaye. Mkononi alikuwa na leso, na leso ameishikilia mdomoni. Juu ya leso ndevu zilitokeza, nyeupe, ovyo ovyo. Ukutani palikuwa na msumari mtupu, kioo kimeshushwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," mzee akajibu ndani ya leso.

Jikoni ndani maji yalikuwa yakimiminwa. Binti alikuwepo. Nyoosha aliweka ndizi mezani, akaona ujinga wa zile ndizi, akatamani aziondoe. Hakukaa. Lile tamko lake lote likawa limeyeyuka.

"Mzee, nilidanganya," akasema. "Binti yako hakuniagiza kitu. Hakusema neno. Ni mimi niliyeona. Ni mimi niliyebadilisha. Dada yako alipokuja kuniuliza kulikuwa na wateja, nikaogopa kuonekana fundi mbaya, nikamsingizia mwanao. Na juzi alipokuja mwenyewe nikasema shangazi hakuelewa. Alielewa. Nilidanganya mara mbili."

Shangazi akatoa sauti kama ya mtu aliyeungua. Kule jikoni maji yakaacha kumiminwa.

Ile leso ilipanda na kushuka kwa pumzi yake. "Rudia," mzee akasema. "Sema kwa sauti. Yuko jikoni."

Basi Nyoosha, fundi wa miaka kumi na tisa, aliyezoea kuwapangia watu mia mbili pa kusimama, akarudia yote kwa sauti, kama mtoto wa shule aliyekamatwa, na safari hii binti alikuwa amesimama mlangoni anamtazama. Alirudia neno kwa neno.

Binti alimwendea baba yake, akapiga magoti pembeni ya kiti, upande ule wa ukutani, akabanana pale. Mzee akamwekea mkono kichwani, ule mkono wa kushoto, ulio mzito.

"Nilikunyima ndevu zangu bure," mzee akasema. "Mwezi mzima. Na mimi nina kichwa kigumu."

"Baba, acha."

"Ile nyingine ipo?" Mzee alikuwa akimuuliza Nyoosha. "Ile ya kweli, niliyokuwa nacheka."

Swali hili Nyoosha alilijua tangu juzi kwamba lingekuja, na alikuwa ameomba lisije.

"Nimezifuta, mzee. Zilikuwa tano. Mimi huzifuta zote."

Binti akainua uso. "Zote?"

"Zote."

"Tangu augue, siku ile tu ndiyo alicheka," binti akasema. Akaanza kulia bila sauti, kichwa amekilaza kwenye mkono wa kiti.

Nyoosha akashika begi lake, akalifungua zipu haraka haraka. "Nina kamera hapa. Mzee, niwapige nyingine sasa hivi, wewe na binti, hivyohivyo ulivyo, sitagusa kitu. Hata ukicheka tu kidogo."

"Nicheke nini?" mzee akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama anayetaka kweli kujua, na alimngojea fundi amtajie. Nyoosha akabaki na zipu mkononi. Akaifunga.

Binti akainuka, akajifuta macho kwa kiganja, akaingia jikoni. Alirudi na beseni la maji ya moto, sabuni, taulo na wembe. Mzee mwenyewe ndiye aliyeshika ukingo wa kiti, akakigeuza kwa kishindo, mara moja, mara mbili, mpaka upande wa kushoto ukatazama dirishani. Akaweka leso pajani. Akainua kidevu.

"Utatuwia radhi, fundi," binti akasema, bado ana adabu zake zilezile. "Tuna kazi kidogo."

"Mzee, nisamehe," akasema Nyoosha mlangoni.

Mzee alikuwa ameshapakwa povu nusu ya uso. Alimgeukia fundi uso mzima, na mdomo wake ulipofunguka ulikwenda upande, palepale ulipokuwa ukienda siku zote.

"Uongo nimekusamehe," akasema, akiyavuta maneno moja moja. "Mtu akibanwa husema uongo, hata mimi nimeshasema. Lakini siku ile ulinikuta ninacheka, namwoza mwanangu ninacheka, na wewe ukaona mdomo. Hilo sijui nikusamehe vipi. Nikijua nitakuita."

Nyoosha alisema ndiyo, mzee. Alitoka nje, akainama kuvaa viatu vyake pale barazani, na mguu wa kulia ukakataa kuingia. Hakuweza kuendelea kuinama pale mlangoni pa watu. Akakanyaga kisigino cha kiatu, akaenda nacho hivyohivyo mpaka barabarani.